Kipande cha salami na mlango wa klabu: historia ya sandwichi ya Kuba



Mwezi wa nne mwaka wa 2012, baraza la mji wa Tampa, katika jimbo la Florida kule Marekani, lilikaa na kupitisha azimio juu ya mkate. Ndiyo, mkate. Waheshimiwa walitangaza kwamba sandwichi ya Kuba, namna ile wanaitengeneza Tampa, ndiyo sandwichi ya heshima ya mji wao. Watu wa Miami, mji mwingine wa Florida wenye Wakuba wengi sana, hawakufurahi hata kidogo. Ugomvi wote umesimama juu ya kitu chepesi kama karatasi: kipande cha salami. Tampa wanakiweka. Miami wanasema mwenye kuweka salami ameharibu.

Sisi huku Kongo ya mashariki, tukisikia Kuba tunafikiri kwanza mambo ya 1965: Che Guevara anavuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, anaingia maquis ya upande wa Fizi, na Wakuba wake wanapewa majina ya hesabu zetu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, Che mwenyewe akawa Tatu. Wengi wetu tunaijua Kuba ya bunduki. Mimi leo naleta Kuba ya mkate, juu ndani ya ule mkate kuko historia ya wafanyakazi, ya vyama vyao, na ya mlango mmoja wenye ulifungwa. Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa chama, ule mlango unatuhusu kupita salami.

NI KITU GANI KABISA?

Tuanze na utamu, historia itafuata.

Mkate wenyewe ni mrefu, karibu sentimita 90, ndani mwepesi, ngozi yake nyembamba yenye kuvunjika ukiigusa. Ndani ya unga wanatia mafuta ya nguruwe kidogo. Katika boulangerie ya La Segunda, yenye Juan Moré alifungua Tampa mwaka wa 1915, mpaka leo wanalaza jani la mtende mdogo wa kule, palmetto, juu ya unga mbele ya kuingiza ndani ya furu. Mkate ukivimba, unapasukia pale pa lile jani, mstari mmoja mrefu kutoka kichwa mpaka mkia. Jani linafanya kazi ya wembe.

Ndani ya mkate wanapanga: jamboni, kiisha nyama ya nguruwe yenye imechomwa, kiisha salami kama uko Tampa, kiisha fromaji ya Uswisi, ile ya matundu, kiisha matango yenye yamelala ndani ya siki. Upande wa juu wa mkate wanapaka haradali, ile tunaita mutarde. Basi. Saladi, tomati, mayoneze, wazee wa kazi hii hawataki kuviona. Na wana sababu. Tomati ni maji. Ukiweka maji ndani ya mkate wenye utabanwa na moto, yale maji yanakuwa mvuke, na ngozi yenye ilipaswa kulia chini ya meno inakuwa kama kitambaa kilicholowa.

Ile nyama ya nguruwe ndiyo roho. Inalala usiku mzima ndani ya mojo: maji ya machungwa machachu, kitunguu saumu, origano na kumini. Wenzangu wa agronomia wanalijua lile chungwa. Ni Citrus aurantium, bigaradier, ile tulifundishwa kama porte-greffe: inavumilia ugonjwa wa kuoza shina, lakini tristeza ikifika inaanguka. Sisi tunapandikiza chungwa tamu juu yake, na matunda yake hatuna habari nayo. Wakuba wanayakamua juu ya nyama. Ile asidi inaingia pole pole, inaondoa uzito wa mafuta.

Mwisho, mkate unapigwa pasi. Sina neno lingine. Wanaupaka siagi kidogo juu, wanauweka katikati ya vyuma viwili vya moto visivyo na mistari, wanabana. Fromaji inayeyuka na kushikamanisha kila kitu, mkate unalala chini, ngozi inakuwa ya rangi ya asali. Wanaukata mshazari, kona kwa kona. Ukiuma, sikio ndilo linakula kwanza: krak. Kiisha chumvi ya jamboni, kiisha mafuta ya nguruwe, na wakati mafuta yanataka kukuchosha, tango la siki na haradali vinakuamsha. Kwa mwenye hana ile mashini, kikaango kizito na jiwe safi juu yake vinatosha, bora moto uwe mdogo.

KILA KITU KILITOKA MAHALI PENGINE

Sasa angalia kama mtu wa mimea na mifugo. Ngano ilizaliwa Mashariki ya Kati, na Kuba ni inchi ya joto, si inchi ya ngano, ni lazima unga uje kwa meli. Nguruwe waliletwa na Christopher Columbus katika safari yake ya pili, mwaka wa 1493. Chungwa chachu na tango vilitoka Asia. Kitunguu saumu, Asia tena. Haradali na origano ni za dunia ya zamani, ng'ambo ya bahari. Fromaji ni ya milima ya Ulaya.

Kwa hiyo ile wanaita sandwichi ya Kuba haina ndani yake hata kitu kimoja chenye asili ya Kuba. Kama mwanafunzi angeleta TFC yenye kutafuta uasili ndani ya huu mkate, encadreur angemrudisha kwa chapitre ya kwanza.

Kuko mmea mmoja tu wa kienyeji ndani ya hadithi hii, na hauko ndani ya mkate. Ni tumbaku. Wenyeji wa visiwa vile walikuwa wanaivuta mbele ya Columbus kufika. Ni tumbaku yenye ilikusanya watu, ikawapeleka huku na kule, ikawatia njaa saa sita ya mchana. Ukitaka kujua sandwichi ilitoka wapi, usifuate nguruwe. Fuata jani la tumbaku.

VITA, DUANE NA SIGARI

Mu mwaka wa 1868 Wakuba walianza vita ya kujikomboa kwa Uhispania. Ilidumu miaka kumi, mpaka 1878, na ikaisha bila uhuru. Wakati huo viwanda vya sigari vya Havana vilikuwa vinajulikana dunia nzima, juu majani bora yanatoka upande wa magharibi wa kisiwa, kule Vuelta Abajo katika Pinar del Río. Vicente Martínez Ybor alikuwa mwenye kiwanda. Alizaliwa Valencia, Uhispania, mwaka wa 1818, lakini vita ilipoanza aliegemea upande wa waasi. Mwaka wa 1869 alikimbilia Key West, kisiwa kidogo cha Florida, na kiwanda kikamfuata.

Haikuwa siasa peke yake. Marekani ilikuwa inatoza ushuru mkubwa kwa sigari zenye zimekwisha kutengenezwa, na mdogo kwa majani matupu. Mwenye akili anafanya nini? Analeta majani kutoka Kuba, anawaleta na watu wenye mikono ya kuyakunja, anatengenezea sigari ndani ya Marekani. Ndugu zangu wenye mnalia kila siku juu ya kahawa yetu yenye kutoka bila kukaangwa, hapo kuko somo: sheria moja ya duane inaweza kuhamisha mji mzima.

Key West, wafanyakazi walikuwa wenye kujua haki zao, migomo haikukoma. Mu 1885 Ybor alinunua ardhi karibu na Tampa, mji mdogo wenye reli ya Henry Plant ilikuwa imefika mwaka mmoja mbele, na wenye bandari ya kupokea meli za Havana. Akajenga mtaa wote, viwanda na nyumba ndogo za mbao za wafanyakazi. Ukaitwa Ybor City. Mu 1886 sigari za kwanza zilitoka, na mwaka ule ule moto mkubwa ulichoma Key West, basi watu wengi tena wakahamia. Kumbuka mwaka ule 1886 kwa sababu nyingine: ndio mwaka Uhispania ilimaliza kabisa utumwa ndani ya Kuba. Kati ya wale watumwa wa Kuba walikuwako wengi wenye kuitwa Congos, watu wenye walitoka upande wa Ufalme wa Kongo na jirani zake. Kwa hiyo Mkuba mweusi mwenye kushuka melini Tampa, mara nyingine alikuwa ametoka utumwani juzi, au mzazi wake ndiye.

Meli zilikwenda na kurudi kati ya Havana, Key West na Tampa kila juma. Mtu anafanya kazi huku, mgomo ukitokea anarudi kwa mama yake kule, kazi ikifunguka anakuja tena. Ndiyo maana lile swali la "ilianza Havana ao ilianza Tampa" linanichekesha kidogo. Jina la zamani la sandwichi ni mixto, ni kusema mchanganyiko. Mu 2022 Andrew Huse, Bárbara Cruz na Jeff Houck walitoa kitabu kizima juu yake, na nyayo zake wanazifuata mpaka makahawa ya Havana ya zamani. Sawa, mizizi iko Havana. Lakini mti wenye mizizi yake inapanda meli kila juma, utasema ni wa shamba la nani?

MTAA WENYE KUSIKILIZA VITABU

Ybor City hawakuwa Wakuba peke yao. Wahispania walikuwako, hasa wa Asturias na Galicia. Wasicilia walikuja, wengi kutoka kijiji kimoja cha milimani, Santo Stefano Quisquina. Wayahudi na Wajerumani kidogo, wenye maduka na kazi za ofisi. Asubuhi, mwenye mkate alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kuchomeka mkate juu ya msumari wa mlango, wenye nyumba wanaamka wanaukuta. Mchana, wafanyakazi wanateremka kwenye makahawa. Mixto ilikuwa chakula kamili: unakishika kwa mkono, hakimwagiki, hakiombi sahani, na nyama yake ni ya kukupeleka mpaka jioni.

Watu wa Tampa wanasema salami iliingia ndani ya mkate kwa njia hiyo, kutoka kwa majirani Wasicilia. Hakuna mtu aliitisha baraza. Jirani anauza salami, salami ni tamu, wewe una mkate. Imeisha.

Na kuko jambo lingine lenye mimi kama msomi linanishika roho. Ndani ya kiwanda, mbele ya mamia ya watu wenye kukunja majani kimya, kulikuwa kiti kirefu juu ya jukwaa. Pale anakaa lector, msomaji. Desturi hii ilianza Havana mwaka wa 1865. Asubuhi anasoma magazeti, kiisha riwaya: Cervantes, Victor Hugo, Zola. Si patron alimlipa. Ni wafanyakazi wenyewe, kila mmoja akitoa pesa kidogo kila juma, na wao wenyewe walichagua kitabu. Mtu hajui kuandika jina lake lakini anaweza kubishana nawe juu ya Don Quijote. Jina la sigari Montecristo, lenye watu wanaona dukani, lilitoka ndani ya riwaya ya Alexandre Dumas yenye wafanyakazi walipenda kusomewa.

Waliunda pia vyama vya kusaidiana, mutuelle kabisa. Wahispania walianza Centro Español mwaka wa 1891, Waitalia L'Unione Italiana mwaka wa 1894, kiisha ikaja Centro Asturiano mwaka wa 1902, yenye ilijenga mpaka hospitali yake. Unatoa mchango wako, ukigonjwa daktari anakuangalia, ukifa unazikwa kwa heshima, na jioni una mahali pa kucheza domino na kunywa kahawa. Sisi wenye tunahesabu cotisation zetu kwenye daftari, tunaelewa.

MLANGO

Mwezi wa kumi na moja 1891 José Martí alifika Tampa. Alikuwa mwandishi na mshairi, mwenye kuzunguka kutafuta msaada wa kuanzisha tena vita ya uhuru. Wafanyakazi wa sigari walimsikiliza, walitoa pesa kutoka mshahara wao. Mwaka uliofuata chama chake, Partido Revolucionario Cubano, kikaundwa. Na wakati watu walijaribu kumtilia Martí sumu kule Tampa, mwenye alimpokea nyumbani na kumlinda ni Paulina Pedroso, mama mweusi wa Kuba, mwenye nyumba ya wageni ndani ya Ybor City. Martí, mtoto wa Wahispania, alilala salama juu ya kitanda cha Paulina.

Vita ilianza tena mwaka wa 1895. Martí aliuawa mwaka ule ule, tarehe 19 mwezi wa tano. Jenerali mkubwa wa vita, Antonio Maceo, mtu mweusi, aliuawa mwezi wa kumi na mbili 1896. Weusi na weupe walikufa pamoja juu ya inchi moja. Mu 1898 utawala wa Uhispania ukaanguka.

Mu 1899, Wakuba wa Ybor City waliunda klabu yao, wakaipa jina la tarehe ya kuanza vita ya kwanza: Tarehe 10 Oktoba. Ndani walikaa weusi na weupe, meza moja. Lakini sasa walikuwa ndani ya Florida, si ndani ya maquis. Mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imekubali mu 1896 kwamba weusi na weupe watengwe. Sheria na desturi za jimbo zilikuwa zinakaza kila mwaka. Mu mwaka wa 1900 ile klabu iligawanyika. Wakuba weupe wakabaki na klabu, yenye baadaye ikawa Círculo Cubano. Wakuba weusi wakaunda chama chao, na mu 1904 kikawa La Unión Martí-Maceo: jina la mweupe na jina la mweusi, pamoja, juu ya mlango wenye watu weusi peke yao waliingia.

Hapa niliposoma mara ya kwanza nilisimama. Watu hawa walikuwa na lugha moja, vita moja, mashujaa wale wale, benchi moja kiwandani, juu ndani ya kiwanda weusi na weupe waliendelea kufanya kazi pamoja na kusikiliza msomaji yule yule. Mkate wao ulikuwa umempokea Msicilia na salami yake bila karatasi yoyote. Lakini klabu ikamwacha nje ndugu mwenye alipigana vita ile ile. Mixto ilichanganya vitu vyote vya dunia, na watu wenyewe wakashindwa kukaa mchanganyiko.

Haisaidii kusema tu "ni sheria ya wazungu". Sheria ilikuwako, ndiyo, na ilikuwa na meno. Lakini klabu ilikuwa ni ya wanachama, na ni wanachama wenye waligawana viti.

MIAMI, NA NGURUWE WA KUBA

Kilichofuata ni cha haraka. Mu 1929 Tampa ilitoa sigari karibu milioni 500. Kiisha ikaja shida kubwa ya uchumi, na mashini. Mu 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji, walisema wanawasomea watu mambo ya siasa kali. Wafanyakazi waligoma, wakashindwa. Pale jukwaani wakaweka radio. Mu mwezi wa pili 1962 rais Kennedy alifunga biashara yote na Kuba, na jani la Havana likakosa njia ya kufika Tampa. Katika miaka ile ile mji ulibomoa sehemu kubwa ya Ybor City kwa mpango wa kuijenga upya. Jumba la zamani la Martí-Maceo lilibomolewa mu 1965. Majumba ya weupe mengi yalibaki yamesimama.

Wakati huo Miami ilikuwa inajaa. Fidel Castro alikuwa ameshika utawala Havana mu 1959, na watu walikimbia kwa maelfu na maelfu: ndege za 1965 mpaka 1973, kiisha mashua za Mariel mwaka wa 1980, karibu watu 125 000 kwa miezi michache. Walibeba mixto ndani ya kumbukumbu yao, namna waliiacha Havana. Hawakukuta jirani Msicilia. Hakuna salami. Wakafungua makahawa yenye dirisha dogo la kuuzia barabarani, ventanita, wakauza kahawa kali na sandwichi, pamoja na ndugu yake mdogo medianoche, yenye mkate wake ni laini na mtamu kidogo, chakula cha wenye kutoka dansi usiku wa manane.

Ni vile basi. Salami ya Tampa ni alama ya majirani wa 1900. Kukosa salami kwa Miami ni alama ya watu wenye walikimbia mu 1960. Wote wanasema ukweli juu ya maisha yao. Kosa ni pale kila mmoja anataka maisha ya mwenzake yaitwe uongo.

Na Kuba yenyewe? Hapa hadithi inarudi kwetu kwa njia mbaya. Mu 1971 tauni ya nguruwe ya Afrika iliingia kisiwani, na ili kuizima wakaua nguruwe karibu nusu milioni. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza katika Kenya, mu 1921, na daktari wa mifugo Montgomery. Nyumbani kwa kile kirusi ni ngiri wetu na kupe wetu, wao hakiwasumbui. Mfugaji wa Kivu anakijua kwa machozi: asubuhi zizi limejaa, juma likiisha ni tupu, dawa hakuna. Mtu hawezi kuambukizwa, lakini anaweza kukisafirisha, kwa kiatu chake na kwa nyama yenye amebeba. Kuba ilipigwa tena mu 1980. Kiisha Umoja wa Kisovieti ukavunjika mu 1991, msaada ukakatika, na jamboni, fromaji na nyama ya nguruwe vikawa vitu vya kutafuta kwa taabu. Miaka ile, sandwichi yenye jina la Kuba ilikuwa rahisi kupatikana Florida kupita Kuba.

TUNABAKI NA NINI?

Sisi wasomi vijana tunapenda sana swali la asili. Nani alifika kwanza? Nani mwenyewe kabisa? Kwa chakula linaleta kicheko, kwa watu linaleta mambo mengine, na hakuna haja niyaseme hapa, kila mmoja anajua ya kwao. Sandwichi ya Kuba inanifundisha kwamba lile swali, hata ukilijibu vizuri, halikuambii kitu kikubwa. Unaweza kujua kwamba ngano ni ya Mashariki ya Kati na nguruwe aliletwa na Columbus, na bado hujui nani alikaa mezani na nani alikula nje.

Chama cha wale wafanyakazi kilikuwa na daftari, mchango, katiba na mashujaa juu ya ukuta. Kilikosa wanachama wa kusema "hapana" siku moja ya mwaka wa 1900. Chama chetu nacho kina daftari na katiba. Tuna wanachama wa kabila hili na lile, wa université ya serikali na wa zile za binafsi, wenye kazi na wenye wanatafuta tangu miaka mitano. Siku itakuja, kama haijafika, mtu atasimama kwenye mkutano na kusema kwa sauti ya upole kwamba ingekuwa vizuri zaidi kila kundi liwe na lake. Naomba siku hiyo tukumbuke Paulina Pedroso na kitanda chake.

Pale nyumba yake ilisimama, leo kuko bustani ndogo yenye sanamu ya Martí, na ile ardhi ni mali ya inchi ya Kuba, katikati ya Tampa. Martí-Maceo nao walinunua jumba lingine ndani ya Ybor City wakaendelea. Mwenye atabahatika kufika kule siku moja, apite pale, asalimie. Kiisha atafute dirisha lenye kuuza mixto, na akiulizwa kama anataka salami, achague tu kwa tumbo lake.

Wenye kuwa na la kuongeza, hasa wale wa zootechnie na wa historia, mlete.